Santuri Yenye Gunzi: Nilivyokwenda Texas Kumtafuta Mwenye Tuni

Sifa zote ni za Mungu aliyenitoa Taita akanifikisha Texas, kisha akanirudisha kwa magoti yale yale mabovu niliyoondoka nayo. Yeye huyavumilia makosa ya ujana wetu, akatupa uzee ili tupate nafasi ya kuyatengeneza. Jina lake litukuzwe huku milimani kwetu, na kule kwenye nchi tambarare isiyo na kilima hata kimoja cha kuegemeza jicho.

Ndugu zangu wa kwaya, na ninyi majirani mlionisimamisha mlangoni mwa kanisa mkaniuliza, "Mwalimu, ulikwenda kumwona binti tu, au palikuwa na jambo?" Palikuwa na jambo. Nimeliandika ili wote mlipate sawasawa, nisije nikampunguzia huyu na kumwongezea yule.

Kabla ya safari

Mnaujua wimbo wetu wa mazishi, "Ningoje Langoni". Kwa zaidi ya miaka hamsini mmesema ni wa Mwalimu Mwakio, maneno na tuni. Maneno ni yangu. Tuni si yangu.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Kanisa moja la Texas, Marekani, lilikuwa limetuletea kasha la nguo za mitumba, vitabu vya nyimbo na sahani za santuri za kwaya. Kati ya sahani zile kubwa palikuwa na moja ndogo, yenye tundu pana katikati. Gramafoni ya misheni ilikuwa imekatika kiswichi cha mwendo, ikawa inazunguka kwa mwendo mmoja tu, ule wa taratibu wa sahani kubwa. Nikachonga kipande cha gunzi la mahindi, nikaziba lile tundu, nikatoboa katikati, nikaiweka sahani. Zikatoka sauti nzito za wazee, zikiimba polepole juu ya kinanda kinacholia kama mtu aliyefiwa. Kiingereza chao kilikuwa kimevutika hata sikuambulia ila maneno mawili: ngoja, na lango. Nikasema moyoni, hawa ni watakatifu wa Texas wanamwimbia Bwana. Nikatunga maneno yetu juu ya tuni ile. Kwaya iliponiuliza nimeitoa wapi, nilitabasamu nikanyamaza, na mkalichukua lile tabasamu kuwa jibu.

Wazazi wangu walizikwa kwa wimbo huo. Miaka minne iliyopita mlimwimbia mke wangu Mghoi wimbo huo huo, na nikasimama pale kaburini nikipokea pole zenu, pamoja na sifa ambazo hazikuwa zangu.

Mwaka jana kamati ya kitabu kipya cha nyimbo ikaniletea ukurasa wa majaribio nitie sahihi. Umeandikwa: maneno na tuni, E. Mwakio. Kalamu ikakataa. Nikaiomba kamati ingoje. Nilikuwa na hofu mbili: kwamba mwenye tuni akiulizwa atakataa, nasi tutaupoteza wimbo uliowasindikiza watu wetu, au kwamba mmoja wetu atakufa kabla sijauliza. Katikati ya sahani palisomeka jina la bendi, The Cedar Posts, na mji wa Fort Worth. Binti yangu Wakesho ni nesi Plano, mwendo wa saa moja hivi kutoka huko. Nikafunga safari.

Nairobi hadi Dallas

Ndege ya kwanza ilichelewa, ya pili tukaikosa, ya tatu ikanipa kiti kati ya vijana wawili waliolala juu ya mabega yangu, mmoja kila upande, kama wajukuu. Sikuwaamsha. Nilikula kuku asiye na mfupa na mkate baridi, nikashukuru.

Kilichonichelewesha hasa ni gunzi. Niliibeba sahani katikati ya vibao viwili, nimeifunga kwa leso ya Mghoi, na lile gunzi likiwa bado mahali pake. Pale uwanjani Dallas waliuliza kama nimebeba mmea wowote. Ningesema hapana, nani angejua? Lakini nilikuwa nimevuka bahari kwa ajili ya kunyamaza kwangu. Sikuona vyema kuanza na kunyamaza kwingine. Nikasema, "Ninalo gunzi la mahindi, la mwaka nilipokuwa na miaka kumi na saba."

Kijana wa ukaguzi alinitazama, akamwita mwenzake. Mwenzake akamwita mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Nikakaa kwenye benchi saa mbili nzima. Yule mama akalimulika gunzi kwa taa, akalikuna kwa ukucha, akakuta ni gumu na limepakwa vanishi.

"Bwana, hiki si chakula tena," akasema. "Hiki ni kipuri." Akaniruhusu.

Wakesho alikuwa amesimama nje muda wote huo, bado amevaa nguo za kazi. "Baba! Nilifikiri wamekurudisha! Mbona hukuchukua simu?"

"Nilikuwa natetea gunzi."

"Unatetea nini? Ai, Baba, twende home, nimetoka shift sasa hivi, miguu inaniuma."

Plano: gari lililosimama

Plano ni mji wa barabara pana, nyasi zilizokatwa na majengo makubwa ya ofisi yenye vioo. Watembea kwa miguu hakuna. Asubuhi ya pili, Wakesho akiwa kazini, nilivaa kofia nikaenda kunyoosha magoti. Nilisalimia watu wawili na mbwa mmoja. Aliyeitikia ni mbwa.

Baada ya nusu saa gari jeupe likapunguza mwendo, likasimama kando yangu. Mama wa makamo akashusha kioo, akauliza kama niko salama. Sasa ninyi mnajua kwetu gari likikusimamia ni nini. Nikamwambia asante sana, Mungu akubariki, nikafungua mlango nikaingia, nikafunga mkanda.

Yule mama alishika usukani kwa mikono miwili, akanitazama. Kisha akacheka hadi machozi.

"Basi, bwana," akasema, "tunakwenda wapi?"

Hapo ndipo nilipotambua kwamba hakuwa amenipa lifti. Nikaomba radhi, nikataka kushuka. Akakataa katakata. Jina lake Janice, alikuwa mwalimu wa shule kama mimi, naye amestaafu. Tulizunguka mitaa tukiitafuta nyumba ya Wakesho, maana zote zinafanana, na katika kuzunguka akaniuliza kilichonileta. Nikamwambia yote. Wakesho mwenyewe nilikuwa sijamwambia yote, lakini mtu asiyekujua ni rahisi kumwambia.

"The Cedar Posts sijapata kuwasikia," Janice akasema. "Lakini nina kaka Fort Worth anayeuza santuri kuukuu. Asipowajua yeye, hakuna anayewajua."

Jioni Wakesho alipoelezwa nilivyompata huyu rafiki mpya alishika kichwa. "Baba, huwezi kuingia tu kwa gari ya mtu! Hapa si kwetu Wundanyi!"

"Naye amesema hivyo hivyo. Atatujia Jumamosi saa tatu."

Fort Worth: mwendo wa kweli

Kaka yake Janice anaitwa Curtis. Ana ndevu hadi kifuani na duka refu, jembamba, linalonukia karatasi za zamani. Nilipofungua leso akavaa glavu kabla ya kugusa. Akalitazama gunzi, akanitazama, akalitazama tena.

Kisha akaeleza. Miaka ile, kila mtaa wa Texas ulikuwa na vijana wanne watano waliojifungia katika gereji ya baba wa mmoja wao, wakapiga magitaa kwa nguvu kuliko ujuzi. The Cedar Posts walikuwa hao. Walitoa sahani moja tu, redio haikuipiga, wakatawanyika.

"Vijana?" nikauliza. "Hawa ni wazee. Nazijua sauti zao."

Curtis akaiweka sahani yake mwenyewe, iliyo kama yangu, kwenye mashine nzima yenye mwendo wake wa haki, ule wa kasi wa sahani ndogo.

Ndugu zangu, nitawaambiaje? Ngoma zilianza kama mtu anayebomoa banda la kuku. Sauti zilikuwa nyembamba, za wavulana ambao ndevu hazijaota, wanapiga kelele. Na chini ya kelele zile, ikikimbia kama imeiba, tuni yetu. Tuni ya mama yangu. Tuni ya Mghoi.

"Wanasema nini?" nikauliza.

Curtis alisitasita. "Kijana anamwambia msichana, Lorraine, amngoje langoni baba yake akishalala. Anataka kumtorosha. Baba ana bunduki."

Nikatafuta mahali pa kukaa. Wakesho akaziba mdomo kwa mkono, mabega yakimtikisika. Nilidhani analia, kwa kuwa mama yake alizikwa kwa wimbo ule. Kumbe anacheka. "Pole, Baba," akasema, "lakini Mama angecheka zaidi yangu." Na ni kweli, angecheka. Mimi sikuweza.

Curtis alitupeleka kula nyama ya ng'ombe iliyokaa kwenye moshi usiku kucha, laini hata meno yangu ya bandia hayakulalamika, pamoja na vitunguu vibichi na mkate mweupe. Nikaomba chai, nikaletewa glasi ya chai baridi iliyojaa barafu. Nikaipulizia kwa mazoea. Hapo mezani Curtis akasema kwamba mpiga kinanda wa ile bendi, ndiye aliyetunga wimbo, yuko hai. Anaitwa Wendell, anakaa katika nyumba ya kutunzia wazee kusini-magharibi mwa Houston, upande wa Sharpstown.

"Nenda upesi," akasema. "Kadi yake ya Krismasi safari hii iliandikwa na nesi."

Basi la Houston

Wakesho hakuweza kupata likizo, kwa hiyo nilipanda basi peke yangu. Safari ni ya saa nne. Yetu ilichukua tisa. Katikati ya njia tairi lilipasuka, dereva akalikokota basi hadi kituo cha petroli chenye duka la mikate, tukaambiwa lingine linakuja.

Nililalamika moyoni, nakiri. Niliona mzee wa watu kule Houston anakata roho na mimi nimekalia kreti ya soda. Kando yangu alikuwa mwanamume mwenye kofia pana na buti za ngozi, na mama wa Kimeksiko aliyebeba keki ya siku ya kuzaliwa ya mwanawe. Saa ya tatu ya kungoja, mama yule alitazama keki ikiyeyuka, akatuuliza kama tuna uma. Hatukuwa nao. Tukaila kwa mikono, abiria wote, tukamwimbia mtoto ambaye hayupo, na mwenye kofia pana akatununulia maandazi yenye soseji ndani. Nikaomba kubariki chakula, wakavua kofia. Tangu hapo sikulalamika.

Gulfton, kwa Deo

Aliyenipokea Houston ni Deo, Mrundi, mume wa mama aliyesoma unesi na Wakesho. Anafanya kazi kwenye chumba cha kufulia nguo cha hoteli. Alikuwa amengoja saa tano pale kituoni na bado alinikumbatia.

"Karibu, Papa! Foto yako ninayo, lakini kofia ndiyo imekutambulisha. Bon, twende, Espérance amepika, na akipika hapendi kungoja."

Wanakaa Gulfton, kwenye majumba ya ghorofa mbili yaliyobanana, nguo zimeanikwa kwenye kila reli. Ngazini tulisalimiwa kwa Kiswahili cha Kongo, cha Burundi na cha Mombasa kabla hatujafika mlango wao. Espérance aliandaa maharage na ndizi za kupika, mchicha wanaouita lengalenga, na bugali, yaani ugali wa muhogo.

"Papa, hujala bado. Hiyo ni kuonja."

"Mama, nimekula sahani mbili."

"Ya tatu ndiyo ya mgeni."

Baada ya chakula niliwasimulia, kisha nikawaimbia. Deo huimba besi katika kwaya ya Misa ya Kiswahili. Kufika ubeti wa pili alikuwa ameshaishika tuni:

*Ningoje langoni, Bwana, nakuja,*
*vumbi la njia li miguuni mwangu.*

Espérance alifuta macho kwa pindo la kitenge. "Na huyo mzungu akikataa, Papa?"

"Basi nitarudi kuwaambia wenzangu tusiuimbe tena."

"Utaweza?"

Nikamwomba Deo tuurudie ubeti wa pili. 

Sharpstown: kinanda

Wendell alikuwa kwenye kiti cha magurudumu karibu na dirisha la chumba cha kulia, mwembamba, mikono ikimtetemeka. Aliponiona na sahani mkononi akapapasa mfukoni akatoa kalamu.

"Nyie wakusanya santuri hamchoki," akasema. "Wa kwanza alitoka Ujerumani. Picha sina tena, wenzako wamezimaliza." Na kabla sijafungua kinywa akaichukua sahani, akatia sahihi katikati. Kalamu ikagonga gunzi. Akasita. "Hiki ni nini?"

"Gunzi la mahindi."

"Naona ni gunzi. Mimi ni mtu wa Texas. Linafanya nini kwenye santuri yangu?"

Nikavua kofia nikamwambia. Gramafoni iliyovunjika, tabasamu langu, kwaya, makaburi, ukurasa wa kamati. Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha kwa kujipa kilicho chake, na kuomba ruhusa. Kama hataki tuni yake iimbwe makaburini, nitakwenda kusema hivyo.

Aliipindua sahani, akaipindua tena. Deo nyuma yangu alikuwa anakohoa vikohozi vidogo vya wasiwasi.

"Mnaimba kwa mwendo gani?" akauliza.

Sikutegemea swali hilo. Nikamwambia, tuimbe usikie. Tukaimba, Deo na mimi, taratibu, kama tunavyoimba tukishuka na jeneza mteremko ule wa kanisani, kila neno hatua moja. Wazee waliokuwa wanakula waliweka vijiko chini. Wendell alifumba macho, kidole chake kikipiga juu ya mkono wa kiti. Tulipomaliza hakuyafumbua mara moja.

"Ndivyo nilivyouandika," akasema.

Nikadhani ananifariji. Akatikisa kichwa. Alisema aliutunga kwenye kinanda cha kanisa la mama yake, polepole kama vile, kwa kuwa hicho ndicho kinanda pekee alichokijua. Ndiyo, ulikuwa wa Lorraine. Lakini aliutunga kama mtu anayesali. Walipofika studio, mwenye studio akasema vijana hawawezi kuuchezea dansi, akawaamuru waukimbize. "Nikauchukia siku hiyo hiyo. Sikuupiga tena. Na wakati wote huo," akalionyesha gunzi, "ninyi mlikuwa nao."

"Na Lorraine?" Deo akauliza. Hakuweza kujizuia.

"Aliolewa na mpiga ngoma." Akacheka, akakohoa, akacheka tena. Kisha akanigeukia. "Wakusanyaji hutaka sahihi tu; nilidhani hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuusikiliza. Niambie ni kina nani mliowazika kwa wimbo huo."

"Ni wengi, bwana."

"Mimi sina pa kwenda."

Basi nikaanza kutaja. Nikamtajia mama yangu na baba yangu. Nikamtajia mzee aliyekuwa akipiga kengele, na mapacha wa mama mkunga, na mwalimu mkuu, na yule bibi aliyeuza mboga nje ya posta. Kila jina alilirudia vibaya, kwa bidii. La mwisho nikamtajia Mghoi, mke wangu niliyeishi naye miaka arobaini na minne. Hilo lilimshinda kabisa. Alijaribu mara nne, ulimi ukagoma, akanishika mkono badala yake.

Tulimsukuma hadi kwenye kinanda kilichokuwa pembeni ya chumba. Mikono iliyotetemeka juu ya kiti haikutetemeka juu ya funguo. Akapiga tuni yetu, au yake, tangu mwanzo hadi mwisho, kwa mwendo wetu.

Nilipoaga alisema, "Andika jina langu chini ya lako. Na uandike Fort Worth. Mama angependa." Nikamwachia ile sahani na gunzi lake. Akasema sahani anazo, akanirudishia. Gunzi akalibakiza.

Nyumbani

Ukurasa wa kamati nimeurudisha umesahihishwa: maneno, E. Mwakio; tuni, Wendell, wa Fort Worth, na jina la ukoo wake kama alivyoniandikia. Jumapili ijayo nitasimama mbele yenu na kuyasema kwa mdomo haya mliyoyasoma. Mkiona mwalimu wenu amewavunja moyo, mna haki, nami nitakaa viti vya nyuma. Ila wimbo nawaomba tusiuache, kwa sababu mwenyewe ametupatia.

Juzi Deo alinitumia sauti kwenye simu. Humtembelea mzee kila Jumatano sasa, akitoka zamu. Kinasikika kinanda, polepole, na vijiko vikiwekwa chini. Mwishoni kinanda kinanyamaza, na Wendell, aliyefundishwa na Deo kwa wiki tatu, anasema neno moja tu, taratibu, sawasawa kabisa kama tunavyolisema sisi: Mghoi. Nilimpelekea Wakesho. Aliniambia ameisikiliza kwenye gari, nje ya hospitali, akachelewa kazini.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akulinde njiani, akusimamishie gari unapochoka, akukutanishe na uliyemkosea angali hai. Na siku yako ikifika, uimbiwe kwa mwendo wa taratibu, na watu wanaolijua jina lako. Amina.